"Polish" na "burnish": mng'ao mmoja, kazi mbili

Ndugu wanajukwaa,

Anayefungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kutafuta tofauti kati ya "polish" na "burnish" kwa kawaida hukutana na maelezo yanayofanana kwa yote mawili: ng'arisha, katua, sugua mpaka kitu king'ae. Akifungua kamusi ya Kiingereza chenyewe, huenda akakuta la pili limeelezwa kwa kutumia la kwanza, naye akafunga kitabu akiamini kwamba moja ni neno la kila siku na jingine ni la washairi, na kwamba mwandishi anaweza kuchagua lolote kwa kadiri sikio lake linavyopenda. Nimeandika uzi huu kwa sababu naona imani hiyo inatunyima kitu. Maneno haya yanataja kazi mbili ambazo matokeo yake yanafanana machoni lakini njia zake ni tofauti kabisa, na njia hizo ndizo zinazoamua mzungumzaji wa Kiingereza anaweza kusema nini na hawezi kusema nini, hata pale mazungumzo yanapohama kutoka kwenye chuma na mbao kwenda kwenye hotuba, tabia na majina ya watu.

Tuanze karakanani. "Polish", katika maana yake ya msingi, ni kazi ya kuondoa. Fundi hutumia chembe ngumu zilizosagwa, akaanza na zile kubwa na kushuka hatua kwa hatua hadi kwenye unga laini kabisa, na kila hatua hufuta mikwaruzo iliyoachwa na hatua iliyotangulia huku ikiacha mikwaruzo yake yenyewe, iliyo midogo zaidi. Isaac Newton, ambaye alitengeneza darubini kwa mikono yake, alilieleza jambo hili waziwazi katika kitabu chake cha elimu ya mwanga kilichochapishwa mwaka 1704. Alisema kwamba unga wa kusugulia, hata uwe laini kiasi gani, hauna namna nyingine ya kuifanyia kazi glasi isipokuwa kuikwaruza na kuvunja vichomozo vyake, na kwamba uso tunaouona kuwa laini ni uso ambao mikwaruzo yake imekuwa midogo mno kuonekana.

"Burnish" hutaja kazi isiyoondoa kitu. Hapa fundi huchukua chombo kilicho kigumu kuliko kile anachokifanyia kazi, chenye uso uliokwisha kulainishwa kabisa, akakikandamiza na kukisogeza huku na huko. Hatumii unga wala msasa, na hata chembe moja ya mchanga ikiingia kati ni hasara, kwa sababu itachora mstari. Mgandamizo unapozidi kiwango ambacho uso ule unaweza kukihimili bila kubadilika umbo, vilele vyake vidogo hulazwa na kusukumwa kuelekea kwenye mabonde yaliyo kando yake. Mata yote iliyokuwapo mwanzo bado ipo mwisho, ila imepangika upya.

Kuna mfano mmoja ambao kwangu unaonyesha tofauti hii kuliko mwingine wowote. Madini ya hematiti ni oksidi ya chuma, ileile inayoupa udongo mwekundu rangi yake. Yakiwa jiwe zima, lililochongwa, kulainishwa na kufungwa kwenye mpini, yametumika kwa karne nyingi kukandamizia dhahabu mpaka ing'ae, na kazi hiyo Kiingereza huiita "burnish". Oksidi hiyohiyo ikiwa unga mwekundu uliochanganywa na nta au mafuta na kupakwa kwenye kitambaa au gurudumu, masonara huitumia kumalizia vyombo vya dhahabu na fedha, na kazi hiyo huitwa "polish". Dutu ni moja, na dhahabu inaweza kuwa ileile. Jina la kazi limebadilika kwa sababu mara ya kwanza oksidi ilikuwa jiwe linalolaza, na mara ya pili imekuwa maelfu ya chembe zinazokwangua.

Tena upo uwanja ambamo kosa la kubadilisha njia hizi lingeharibu kazi mara moja. Jani la dhahabu linalobandikwa kwenye fremu za picha, sanamu na kurasa za miswada ya kale lina unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Anayelisugua kwa unga wa kukwangua ataliondoa lote na kubaki akitazama kilichokuwa chini yake. Kwa hiyo mafundi wa zamani walitayarisha mbao kwa tabaka za plasta ya gundi, wakapaka juu yake udongo laini, mara nyingi mwekundu, wakalaza jani kwa maji, na unyevu ulipokaribia kwisha wakalikandamiza kwa jiwe la akiki au kwa hematiti. Mchoraji wa Italia Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa kazi hizi takriban mwaka 1400, anapendekeza hematiti, kisha anasema kwamba asiyekuwa na jiwe anaweza kutumia jino la mbwa au la wanyama wengine walao nyama. Udongo ule wa chini una kazi kubwa, kwa kuwa ndio unaobonyea na kushindiliwa pamoja na dhahabu. Jani lililobandikwa kwa gundi ya mafuta halina tabaka la namna hiyo, ndiyo maana mafundi wa nakshi hawalikandamizi kwa jiwe kamwe. Msomaji anayekutana na neno "burnished" katika maelezo ya fremu ya kale anaambiwa pia, bila maneno mengine, kwamba dhahabu ile ililazwa kwa maji.

Upande wa "polish", mfano ulio wazi zaidi uko kwenye chakula. Mchele mweupe huitwa kwa Kiingereza "polished rice", kwa sababu punje zake zimesuguliwa mpaka tabaka la nje likaondoka. Mwishoni mwa karne ya 19, katika kisiwa cha Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele wa aina hiyo wakipatwa na ugonjwa wa neva uliofanana na beriberi, kisha wakapata nafuu waliporudishiwa mchele wenye pumba. Baadaye ilifahamika kwamba kilichokuwa kikipotea pamoja na tabaka lile ni vitamini B1, na Eijkman akashiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1929. Hakuna anayeweza kuuita mchele huo "burnished", hata ungeng'aa namna gani, maana historia yote ya neno "polished" katika habari hii imo katika kile kilichoondolewa.

Kuondoa kuna hatari yake, na hatari hiyo pia imo ndani ya neno. Kioo kikuu cha darubini ya anga ya Hubble, chenye kipenyo cha mita 2.4, kilisuguliwa kwa uangalifu mkubwa lakini kwa kufuata umbo lisilo sahihi. Darubini iliporushwa mwaka 1990 iligundulika kwamba karibu na ukingo kioo kilikuwa kimepunguzwa kupita kiasi kwa takriban mikromita 2.2. Kilichokwisha kusagwa hakirudishwi, na ilibidi wanaanga wafunge vifaa vya kusahihisha njia ya mwanga mwaka 1993. Ninapomsikia mhariri akisema kwamba makala fulani imefanyiwa "polish" kupita kiasi, namwelewa kwa njia hiyo: kasoro zimeondolewa, lakini pamoja nazo zimeondolewa pembe zilizoifanya makala iwe na sauti yake.

Sitaki kuacha picha kwamba "polish" huondoa tu. Neno hili limepanuka kuliko mwenzake, na leo linataja pia dawa inayopakwa juu ya kitu ili king'ae: ya viatu, ya samani, ya kucha. Hapo linaongeza tabaka badala ya kupunguza. Aidha, ni nomino ya kawaida kabisa, ilhali "burnish" kama nomino ni adimu. Katika mazungumzo ya kila siku, "polish" hubeba mzigo wote wa kung'arisha, na anayetaka neno moja tu la kumtosha maishani achague hilo. "Burnish" ni neno la anayetaka kusema jambo mahususi.

Matumizi ya kitamathali yanafuata njia hizihizi mbili. Kitu kinachofanyiwa "polish" ni kitu ambacho bado kina ukwaru: rasimu ya hotuba, lugha ya kigeni ambayo mtu anaizungumza kwa kukwama, uchezaji wa piano, adabu za kijana. Anayekifanyia kazi anatoa makosa. Si ajabu kwamba neno "polite", lenye maana ya mwenye adabu, lina asili moja na hili, kwani yote mawili yanarudi kwenye kitenzi cha Kilatini "polire", na "politus" ni kile kilichokwisha kulainishwa. Kinachofanyiwa "burnish", kwa upande mwingine, ni kitu ambacho tayari kipo na tayari kina thamani machoni pa watu: jina, sifa, taswira, rekodi ya uongozi, kumbukumbu atakayoiacha mtu. Magazeti ya Kiingereza husema kwamba mwanasiasa amesafiri nje ili "burnish" sifa zake za kidiplomasia. Hayamaanishi kwamba sifa hizo zilikuwa na makosa yanayohitaji kusahihishwa, wala kwamba ameongeza ujuzi wowote. Yanamaanisha kwamba zilezile alizokuwa nazo ameziweka mahali panapoakisi mwanga zaidi. Kwa hiyo kitenzi hiki kinapomhusu mtu wa siasa mara nyingi hubeba shaka kidogo ya mwandishi, na mtafsiri asiyeisikia shaka hiyo huigeuza sentensi kuwa sifa tupu.

Nakaribisha michango, hasa ya wale wanaozifanya kazi hizi kwa mikono.

#2, fundi wa kukereza vyuma

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo. Katika kazi yetu maneno haya hayachanganywi, na ningependa kueleza sababu. Tunapomalizia tundu la silinda au shingo ya ekseli kwa njia ya "burnish", tunatumia rola au mpira wa chuma kigumu unaobanwa juu ya kazi wakati kazi inazunguka. Kama ulivyosema, hakuna chuma kinachotoka. Hata hivyo kipimo hubadilika: vilele vikilazwa, kipenyo cha shingo ya ekseli hupungua na tundu hupanuka kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo fundi huacha nafasi ya mabadiliko hayo anapokereza kabla ya kukandamiza. Asiyeiacha atatoa kipande kinachong'aa vizuri na kisichoingia mahali pake.

La muhimu zaidi ni kwamba kukandamiza huku kunabadili nguvu ya uso. Chuma kilichosukumwa kikiwa baridi huwa kigumu zaidi, na tabaka la juu hubaki limebanwa, hali inayochelewesha kufunguka kwa nyufa katika vipande vinavyopokea mzigo wa kwenda na kurudi mara nyingi. Kusugua kwa unga kunaweza kutoa ulaini uleule ukiupima kwa kifaa, lakini hakutoi faida hiyo kwa kiwango hicho. Mchoro wa kihandisi ukiandika neno moja mahali pa jingine, karakana itatengeneza kipande tofauti.

Nina swali. Kuna njia ya kung'arisha chuma cha pua kwa kukizamisha katika asidi na kupitisha umeme. Hakuna mkono unaosugua, hakuna unga, wala mgandamizo. Kwa nini Kiingereza kikaiita "electropolishing" na kisitafute neno jingine?

#3, mwanzisha uzi

Ndugu fundi, nyongeza yako kuhusu kipimo ni ya thamani sana, kwa sababu inaonyesha kwamba kutoondoa mata si sawa na kutobadili kitu.

Kuhusu swali lako, naona jibu linatia nguvu hoja ya msingi. Katika njia hiyo, ambayo Mfaransa Pierre Jacquet aliiendeleza kuanzia miaka ya 1930, umeme huyeyusha chuma kutoka kwenye uso, na vilele huyeyuka haraka kuliko mabonde. Kusugua hakupo, lakini kuondoa kupo, na lugha imelifuata lile la kuondoa. Kama kiini cha "polish" kingekuwa mwendo wa mkono, jina hilo lisingefaa.

Lakini haki inanidai nitaje mfano unaokwenda kinyume. Mafundi wa glasi hupitisha ukingo uliokatwa kwenye moto mpaka uyeyuke kidogo na kujilainisha wenyewe, na huita kazi hiyo "fire polish". Hapo hakuna kinachoondolewa. Sidhani kwamba mfano huu unaibomoa tofauti tuliyoieleza, ila unaonyesha kwamba neno lililopanuka huwa halina mpaka mkali upande wake wa nje. "Burnish" halijawahi kupanuka kiasi hicho, na kwa hiyo mpaka wake ni rahisi zaidi kuuona.

Niongeze habari ambayo huenda ikakufurahisha wewe unayeshughulika na vyuma, maana sayansi yenyewe iliwahi kubishana juu ya jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia wa Uingereza George Beilby, aliyetazama nyuso za metali zilizosuguliwa kwa hadubini, alishawishika kwamba Newton hakueleza yote. Kwa maoni yake tabaka la juu kabisa la metali hutiririka linaposuguliwa, likafunika mikwaruzo na kuganda bila mpangilio wa fuwele, na alizikusanya hoja zake katika kitabu cha mwaka 1921. Tabaka hilo likaitwa kwa jina lake. Kama alikuwa sahihi kikamilifu, basi kila "polish" ya metali ilikuwa kwa siri "burnish", na mafundi walikuwa wakitenganisha maneno pasipo na tofauti. Mwaka 1937 watafiti Bowden na Hughes walileta ushahidi kwamba kiwango cha kuyeyuka cha dutu zinazosuguana kina uzito kuliko ugumu wake, jambo lililoonekana kumuunga mkono. Hata hivyo uchunguzi wa baadaye, uliotumia hadubini zenye nguvu zaidi, ulionyesha kwamba metali iliyosuguliwa kwa unga laini bado ina mikwaruzo midogo sana, na kwamba chembe hukata vipande vidogo vya chuma kama zinavyofanya zile kubwa za msasa. Kwa metali, maelezo ya Newton yalirudi mahali pake kwa sehemu kubwa. Kwa glasi mambo ni magumu zaidi, kwani maji na kemia ya unga wenyewe vina mchango katika kuulainisha uso.

#4, mtafsiri

Salaam kwenu nyote. Nimefuatilia mjadala huu kwa sababu kazi yangu ni kutafsiri habari na ripoti. Mara nyingi hukutana na sentensi kama ile uliyoitaja, ya kiongozi "to burnish his image", na tafsiri inayokuja haraka ni "kusafisha jina lake". Kwa maelezo yako naanza kuona kwamba haifai. Je, unapendekeza nini? Na je, maneno haya yakiwa vivumishi, yaani "polished" na "burnished", tofauti inabaki ileile?

#5, mwanzisha uzi

Ndugu mtafsiri, "kusafisha jina" kunadai kwamba jina lilichafuka, na hilo ni dai zito ambalo mwandishi wa Kiingereza hakulitoa. Msomaji wa Kiswahili atauliza mara moja: lilichafuliwa na nini? Ningependelea "kulipa jina lake mng'ao zaidi" au, pale muktadha unaporuhusu tamathali nzito kidogo, "kulikatua jina lake", kwa kuwa kinachokatuliwa katika Kiswahili ni chombo cha thamani ambacho mwenye nacho tayari anacho. Ikiwa habari inaonyesha shaka ya mwandishi, "kujipamba" au "kujitia mng'ao" kutaibeba shaka hiyo vizuri. Kwa "polish" ya hotuba au rasimu, "kunoa", "kupitia na kusawazisha" au "kurekebisha" hufanya kazi vizuri kulingana na kinachorekebishwa, na sioni sababu ya kushikilia "ng'arisha" pale ambapo hakuna kinachong'aa.

Kuhusu vivumishi, tofauti inabaki lakini inabadilika sura, na hapa asili ya maneno ina msaada mkubwa. "Burnish" lilitoka katika Kifaransa cha kale, kutoka kitenzi kilichotokana na "brun", yaani rangi ya kahawia, neno ambalo zamani lilibeba pia maana ya kung'aa kwa giza-giza. Ni ndugu wa "brown" na wa "brunette". Sina hakika kwamba waandishi wa leo hulikumbuka hilo, lakini chaguo zao zinaenda kana kwamba wanalikumbuka: "burnished" hupewa shaba, dhahabu, ngozi, mbao nyeusi-nyekundu, majani ya miti yanayobadilika rangi, mwanga wa jua linalotua. Ni mng'ao wenye joto na rangi ndani yake. Marmari nyeupe ni "polished", sakafu ya granaiti ni "polished", lenzi ni "polished". Mtu mwenye adabu na ufasaha ni "polished". Sijaona mwandishi makini akimwita "burnished", ila sauti nzito ya ala za shaba katika muziki huitwa hivyo bila tatizo.

#6, daktari wa meno

Naomba kuongeza mfano kutoka fani yangu, kwa kuwa sisi tunayatumia maneno yote mawili kwa jino lilelile. Tunapoziba jino kwa amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine, ikiwa bado laini tunaikandamiza kwa chombo chenye ncha ya mviringo, laini kabisa. Lengo ni kuisukuma amalgamu ikutane vizuri na ukingo wa jino na kuinua juu zebaki iliyozidi, ili iondolewe wakati wa kuchonga umbo. Baada ya kuchonga tunaweza kupitisha chombo hicho tena kwa wepesi. Hatua zote hizo ni "burnish". "Polish" inasubiri. Kanuni tuliyofundishwa ni kuacha angalau saa 24 ili amalgamu ikomae, ndipo mgonjwa arudi na tutumie vipira vya mpira na unga laini kusawazisha uso. Mwanafunzi anayechanganya maneno haya anachanganya pia siku, kwa sababu amalgamu changa ikisuguliwa kwa unga huharibika, na iliyokwisha kukomaa haikubali tena kusukumwa ukingoni.

#7, mtafsiri

Nashukuru sana, daktari na mwanzisha uzi. Limebaki swali moja dogo. Nimeona katika maelezo ya ufinyanzi wa Marekani chungu kilekile kikiitwa "burnished" katika aya moja na "polished" katika aya inayofuata. Je, mwandishi amekosea?

#8, mwanzisha uzi

Hajakosea, ingawa anakulazimisha uisome kazi yenyewe. Mfinyanzi husubiri udongo ukauke mpaka ugumu wa ngozi, halafu huusugua kwa kokoto laini bila kuongeza chembe yoyote ya kukwangua. Chembe za udongo ni bapa, na mgandamizo ule huzilaza upande mmoja mpaka uso uanze kuakisi mwanga. Kwa tafsiri yoyote ya kifundi hiyo ni "burnish". Lakini miongoni mwa wafinyanzi wa jamii za Pueblo, wenyeji wa asili wa huko New Mexico, akiwemo Maria Martinez wa San Ildefonso aliyefariki mwaka 1980 na ambaye vyungu vyake vyeusi vinajulikana duniani kote, kokoto hilo kwa Kiingereza huitwa kwa kawaida "polishing stone". Ni jina la mazoea lililoshika mizizi, na mtafsiri hana mamlaka ya kulisahihisha.

Utakachofanya ni kutazama nini kinaelezwa katika kila aya. Ikiwa mwandishi anataja jiwe, unyevu wa udongo na mkono unaokandamiza, andika "kilichosuguliwa kwa kokoto mpaka kikang'aa", na msomaji ataiona kazi. Ikiwa anataja tu namna chungu kinavyoonekana kwenye rafu, "kinachong'aa" kinatosha. Na ukiona sentensi inayosema kwamba mng'ao ulipotea tanurini, usidhani kwamba kuna rangi iliyoungua. Moto mkali mno hubadili mpangilio wa zile chembe zilizolazwa, ndiyo maana vyungu vya aina hii huchomwa kwa joto la chini kuliko vyombo vya kaure.